Lyel ya Sajenti Ogwang

Kisugu, Kampala
10 Februari 2025

Kwako Shangazi Aciro,

Apwoyo, Shangazi. Nakusalimu kwa mikono miwili, na wote waliomo humo bomani nawasalimu, hata yule jogoo wako anayewafukuza wageni. Sisi huku hatujambo. Mama anashona sare za shule tangu asubuhi mpaka macho yanamwuma, maana shule zimefunguliwa na wazazi wa Kisugu wamekumbuka wote siku moja kwamba watoto wao wamekua. Anakusalimu sana. Nakuandikia barua kwa sababu masikio yako mwaka huu yamekataa simu kabisa, na nakuandikia Kiswahili chetu cha kambi ya polisi kwa sababu barua yangu ya mwisho ya Kiacholi uliirudisha imejaa wino mwekundu.

Chuoni nimeingia mwaka wa pili. Kile kikundi chetu cha ngoma nilichokusimulia Krismasi, Vumbi, kimeanza ziara. Hatuendi kwenye kumbi za watu wa tiketi. Tunawafuata watu waliko: sokoni, magereji, viwanja vya makanisa, makambini. Tunafika na ngoma juu ya pikapu, tunafagia uwanja sisi wenyewe, tunacheza, watu wanatutukana au wanatushangilia, tunarudi. Kazi hii naipenda kuliko chakula.

Sasa sikiliza, kuna jambo. Jumamosi tulicheza Katwe, kwenye uwanja wa mafundi vyuma. Walinyamazisha nyundo zao kwa ajili yetu, na nasikia hawamfanyii hivyo hata mchungaji. Tulianza na larakaraka, ile ya vijana kuchumbiana, vibuyu vikilia kwa spoku za baiskeli, watu wakapagawa. Rafiki yangu Nabwire wa Busia alikatika mpaka fundi mmoja akamtunza sufuria mpya. Halafu mwalimu wetu akatupa ishara ya lyel.

Ndiyo, Shangazi, lyel, ngoma ya matanga. Tumeiweka kwenye maonyesho tangu Januari, na usianze kupiga kelele kabla sijamaliza. Mwalimu wetu ni mtu mwema lakini si wa kwetu, na ametufundisha kwamba mchezaji akiwa mbele ya watu lazima atabasamu. Basi tukaicheza lyel meno yote nje. Mimi pia, mjinga mkubwa, nilitabasamu. Mama mmoja mtu mzima, muuza simsim kutoka Pader, akaingia katikati ya uwanja akainua mkono. Katembo, Mkongomani wetu wa ngoma kubwa, akapoteza pigo na ngoma ikanyamaza. Yule mama akauliza kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili ili wote waelewe: "Nani amekufa?" Akasema, "Mnacheza lyel, marehemu wenu yuko wapi? Au mmekuja kututafutia mmoja hapa?"

Hakuna aliyecheka. Mafundi walishaanza kuokota nyundo. Kikundi kizima kikanigeukia mimi, maana Mwacholi wao ni mimi tu. Nikafungua mdomo nikasema, "Ni baba yangu. Sajenti Ogwang wa polisi." Kisha nikalia palepale mbele ya watu. Mama yule akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi. Tukaanza upya, safari hii bila meno.

Tulipomaliza alinishika mkono. Akaniambia jina likishatajwa kwenye lyel halimezwi tena. Lazima lichezwe mpaka mwisho, mbele ya watu waliomjua marehemu, na wimbo ufunguliwe na mwanamke wa nyumba yake. Je, kwenye ukoo wetu ndivyo ilivyo? Huko kwetu hakuna matanga yaliyofunguliwa na mtu mwingine wakati wewe ukiwepo. Naomba uniandikie wimbo wa kufungulia. Baba hakuchezewa, na hakuna mtu aliyenieleza kwa nini.

Barua hii nampa Oyet, kondakta wa basi, akuletee mkononi.

Mwanao,
Aryemo


Kitgum
2 Machi 2025

Mwanangu Aryemo,

Salamu zako nimezipata, na jogoo amepata zake. Bado ananyanyasa watu. Sisi tunapumua. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja mzuri na mwingine mwenye kichwa kigumu, nimempa jina lako. Baba yako mkubwa Ojera ameng'olewa jino, sasa anatoa amri akiwa ameshika shavu, na watu wanatii vilevile. Mwambie mama yako mgongo wangu umepoa baada ya ile dawa aliyotuma, Mungu ambariki.

Barua yako, kwa bahati mbaya, ilinyeshewa njiani. Ukurasa wa kwanza nimeusoma, ule wa sare na pikapu. Wa pili wino wote umekimbia, sikuambulia neno. Nafikiri ulikuwa unaomba simsim. Basi nimempa Oyet odii ya simsim, nimeisaga mwenyewe juu ya jiwe, si ile ya mashine mnayokula huko mjini. Kula na mama yako. Usiigawe kwa kila Mkongomani wa chuo.

Soma vitabu, Aryemo. Miguu huchoka, kichwa hakichoki. Krismasi mje wote wawili.

Ni mimi shangazi yako,
Aciro


Kisugu
16 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi na mwongo,

Nakusalimu tena. Odii imefika na imeisha, Mama ameramba hata mfuniko. Mpe pole mbuzi mwenye jina langu, mwambie ashikilie hapohapo.

Mvua gani inanyesha Kitgum mwezi wa pili? Na umejuaje kwamba kuna Mkongomani, ikiwa yuko kwenye ukurasa ule ambao wino wake ulikimbia? Shangazi, nimelelewa na polisi. Nakuuliza upya, kwa herufi kubwa ili hata mvua ya Februari isizifute: NAOMBA WIMBO WA KUFUNGULIA LYEL YA BABA.

Mambo hayajasimama kukusubiri. Wiki iliyopita tulikuwa Luzira, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa, wakaja wake za askari jela, wauza samaki, vijana wa bandarini. Safari hii kabla ya lyel nilisimama nikasema wazi: hii ni ngoma ya matanga, haichezwi bure, leo tunamchezea Sajenti Ogwang, na mwenye marehemu wake amtaje. Nilidhani watanyamaza. Wee! Walitaja mpaka Katembo akashusha mikono akasubiri. Mwanamke mmoja alimtaja mtoto aliyezama, na akaingia kucheza na ndoo yake kichwani. Mwalimu wetu siku hiyo hakuzungumza habari za kutabasamu.

Sasa tumealikwa kambini. Kambi ileile niliyozaliwa, ya nyumba za chumba kimoja, ambayo Mama alipewa wiki mbili kuihama baada ya msiba. Ni Jumamosi tarehe saba Juni. Mwenyekiti wa ustawi wa kambi sasa ni nani? Afande Otema, aliyekuwa akinywa chai ya baba kila jioni na kunituma nimletee sukari! Alipewa orodha ya ngoma zetu akaweka kidole kwenye lyel. Akamwambia mwalimu: "Chezeni zote, hata za Waganda na Wakongo. Hiyo hapana. Na jina la Ogwang lisitajwe kwenye uwanja wangu." Mwalimu akataka kuiondoa. Nikasimama kwenye mazoezi nikasema, mkiiondoa lyel niondoeni na mimi. Nabwire akasema na yeye. Katembo akasema yeye hakumjua Ogwang lakini ngoma ni yake na haendi bila ngoma. Mwalimu akaketi chini akacheka, akasema basi, tutafukuzwa pamoja.

Kwa hiyo tunakwenda, Shangazi. Uwanja wake! Baba alikatia nyasi uwanja huo kwa panga miaka mingapi? Niandikie wimbo.

Aryemo wako


Kitgum
13 Aprili 2025

Aryemo,

Salamu. Huku mvua imekuja kweli sasa, tunapanda karanga, kila mtu ana matope magotini. Ojera hajambo. Mbuzi hawajambo. Mengine ya nyumbani hayana haraka.

Haya, umenikamata. Ukurasa nilikuwa nao, mkavu, na nimeusoma mpaka umelegea. Ulifikiri shangazi yako hana sababu ya kudanganya? Mtu mzima akijifanya hakusikia, mtoto mwenye adabu hurudi nyuma. Wewe unakuja na herufi kubwa.

Nitasema mara moja tu. Kuna vifo vinavyochezewa, na kuna vifo ambavyo watu hurudi kutoka kaburini wakanawa mikono wakanyamaza. Haikuwa chuki. Ndivyo tulivyopokea kwa waliotuzaa. Mwacholi hapigii ngoma kifo cha namna ile, kisije kikapenda sauti yake kikarudi kwenye nyumba kuchukua mwingine. Namna ipi, usiniulize. Mlipoambiwa ajali kazini, mliambiwa na watu waliokupendeni. Funika kombe mwanaharamu apite. Mama yako ana jina zuri, wewe uko chuo kikuu, mahari yako haijajadiliwa. Unataka kambi nzima ikae chini ihesabu mambo ya nyumba yetu?

Ojera amesikia habari za Katwe kutoka kwa mtu wa Pader. Hakula jioni ile. Anasema ukilitaja jina mara nyingine mbele ya ngoma, asije mtu kumwuliza kuhusu wewe, harusi wala msiba. Na mimi, shangazi yako, niliyekupokea mikononi ulipotoka tumboni, nakukataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wimbo siutoi.

Usinijibu kwa hasira. Ngoja kwanza uive.

Aciro


Kisugu
27 Aprili 2025

Kwako Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima, na hiyo heshima naiweka hapa juu kabisa ili isipotee nikiendelea. Mama ni mzima. Karanga zenu zishike vizuri. Guu langu bado halijavunjika, jana limecheza saa tatu.

Nimengoja niive, na sasa nakujibu. Baba alijiua.

Hayo, nimeyaandika, na nyumba haijaanguka. Nilikuwa na miaka tisa, Shangazi, si miezi tisa. Tuliishi chumba kimoja, pazia moja, na ukuta wa nyumba za kambi unapitisha hata kikohozi. Mlinipeleka kwa jirani mkanipa soda, mkasema ajali. Nikanywa soda, huku wanawake nje ya dirisha wakisema neno lenyewe kwa Kiacholi, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara, wakidhani mtoto haelewi lugha zote tatu. Miaka yote hii nimewatunzia uongo wenu kwa sababu niliona mnauhitaji. Mimi ndiye niliyelifunika hilo kombe. Na mwanaharamu alishapita siku nyingi, Shangazi, kombe bado limefunikwa, na tuliofungiwa ndani ni sisi.

Sasa nikuambie ninavyomjua baba yangu, kwa sababu mkikutana kumzungumzia mnaruka kutoka siku aliyoajiriwa hadi siku ya jeneza. Alikuwa akirudi lindoni ananisimamisha juu ya buti zake, miguu yangu juu ya miguu yake, ananichezesha larakaraka barazani akipiga mluzi, na Mama anasema mtoto atachafuka rangi ya viatu. Nilichafuka. Larakaraka nilijifunzia pale, si chuoni. Halafu alipelekwa kazini kule mpakani, na aliporudi mluzi haukurudi naye. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda shati limefungwa vifungo viwili, anasahau cha tatu. Alikuwa mgonjwa. Angevunjika mguu mngemkimbiza hospitali. Kilichoumia ni kichwa, na afande haugui kichwa, basi wote mkamwambia ajikaze. Akajikaza mpaka akaisha.

Na baada ya hapo mkamwadhibu kwa kufa. Mwizi anachezewa lyel. Mlevi aliyelala barabarani anachezewa. Wakati wa vita, hata wale waliotuchomea nyumba, ndugu zao waliwachezea. Baba yangu akanawiwa mikono! Naikataa mila hiyo. Siikatai nikiwa sijui. Naijua yote, nimeisoma na nimeiona, na bado naikataa. Unasema kifo kitasikia ngoma kirudi. Kwa kunyamaza kwenu kimeacha kuja? Waulize wajane wa kambini.

Mama nimemsomea barua yako yote. Alizima cherehani, akakaa. Kisha akaniuliza wachezaji wako wangapi, na tangu siku ile anatushonea nguo nyeusi.

Baba mkubwa Ojera mwambie harusi yangu sina haraka nayo. Siombi ruhusa tena. Naomba wimbo.

Aryemo binti Ogwang


Kisugu
25 Mei 2025

Shangazi,

Mwezi unakwisha. Oyet anasema barua uliipokea kwa mkono wako, ukaikunja, ukaiingiza kifuani bila kuifungua mbele yake. Najua umeisoma. Kama unaumwa, nijulishe nije. Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi.

Ni Jumamosi tarehe saba, saa kumi alasiri, uwanja wa kambi. Basi la alfajiri kutoka Kitgum lingekufikisha. Nitakutafuta kwenye watu.

Aryemo


Kisugu
9 Juni 2025

Shangazi,

Sitauliza habari za mbuzi. Tumecheza, nawe hukuja.

Nakusimulia hata kama hutaki, kwa sababu ni ndugu yako. Uwanja ulijaa. Wake za polisi na mikeka yao, watoto juu ya ukuta, askari waliotoka lindoni na sare. Mama alikuja. Tangu tuhame hajawahi kukanyaga kambi ile, na alikuja na gauni lake la kanisani, akaketi mbele kabisa. Tulicheza larakaraka, tukacheza za Busia za akina Nabwire, watu wakafurahi. Afande Otema alikuwa kwenye kiti chake cha mwenyekiti anapiga makofi. Halafu tukaingia nyuma ya pikapu, tukatoka na nguo nyeusi.

Akasimama. Hakupiga kelele hata kidogo. Alitembea taratibu na fimbo yake mpaka kwa Katembo, akaitoa ngoma kubwa mikononi mwake, akailaza, akaikalia. Naapa, Shangazi! Mzee mzima na medali zake kifuani, amekalia ngoma yetu katikati ya uwanja. Akasema, "Endeleeni sasa."

Katembo akanitazama. Na hapo nilikuwa bado nakutafuta wewe kwenye watu. Nikatazama lango mara ya mwisho. Nikaacha kutazama.

Wimbo sina, kwa hiyo nilisema tu. Nilisema: "Baba yangu anaitwa Sajenti Ogwang. Aliishi nyumba ile yenye mlango wa bluu. Aliugua na hakuna aliyemwuguza, akajiua, na hakuchezewa. Leo anachezewa." Neno lile nililitoa lote. Kisha nikapiga mguu chini. Njuga zikalia. Nabwire akafuata, na wote, bila ngoma, njuga na miguu tu, vumbi likapanda mpaka nikalionja.

Tulizunguka mara ya kwanza tukiwa peke yetu. Hakuna aliyeinuka mkekani, nikafikiri, haya, ndivyo itakavyokuwa, tumeaibika vizuri. Mzunguko wa pili Mama akainuka. Akachukua beseni la mtu la kufulia, akaligeuza, akaanza kulipiga, yeye Mjaluo wa Kisumu ambaye hajawahi kupiga lyel maishani, na akaipiga sawasawa. Masufuria yakaitikia kutoka kwenye mabaraza. Halafu mwanamke mmoja wa Kiislamu, shela mpaka kiunoni, akaingia uwanjani akapaza sauti: "Koplo Abudu! Mume wangu! Naye pia!" Kila mtu pale alijua "naye pia" maana yake nini. Akatokea mwingine akataja mtoto wake aliyefia depo, kwenye mafunzo ya polisi. Akatokea mwingine. Shangazi, hawakuwa wachache. Walikuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na wameambiana ajali, malaria, presha.

Otema hakusimama, na hakuondoka. Alikaa juu ya ile ngoma mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, miguu yetu ikimpita huku na huku, na hatukumkwepa. Tulipomaliza akauliza, "Mmemaliza?" Mama ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Bado." Otema akainuka akaenda zake na fimbo yake.

Nimechoka lakini sijutii hata hatua moja. Mwalimu ameitwa kujieleza chuoni, na tumeamua tutakwenda wote na nguo nyeusi. Wajane wanne wametuomba twende kwenye kambi nyingine, na tutakwenda.

Wewe sikulaumu kwa mila. Nakulaumu kwa lango lile nililolitazama. Mwanamke wa nyumba ya marehemu ulikuwa wewe, na ilibidi nifungue mimi, bila wimbo. Sitaandika tena mpaka uandike.

Aryemo


Kitgum
8 Juni 2025

Aryemo mwanangu,

Daraja limechukuliwa na maji tangu Jumatano, hakuna basi linalotoka wala kuingia. Barua hii Oyet ataibeba siku watakapolitengeneza, na najua utakapoisoma utakuwa umeshaninunia. Nuna. Lakini soma mpaka chini.

Nyumbani watu ni wazima, isipokuwa Ojera, na habari zake utazipata.

Alhamisi nilikwenda kwa miguu mpaka mtoni nikiwa na mfuko wangu wa safari. Nikakuta maji yanakimbia na upande wa pili wa barabara haupo. Vijana wakanikatalia kuvuka, mmoja akanishika kiuno kabisa, mpumbavu yule, kama mbuzi wa sadaka. Nikakaa ukingoni nikamtukana mpaka nikachoka. Halafu nikarudi, na njia nzima nilikuwa nasema na wewe. Ile barua yako iliniumiza. Niliifunga kifuani mwezi mzima kwa sababu kila nikiitoa nilisikia ile ya buti na mluzi. Ogwang mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mluzi, akiwa hana meno ya mbele.

Basi jana saa kumi, saa yako uliyoniandikia, nilitoka nje ya boma nikaenda kaburini kwa baba yako. Wewe hukupelekwa kule, ulikuwa mdogo. Hakuzikwa pamoja na baba zetu. Ni kule chini, ng'ambo ya shamba la mtama, ambako hakuna njia, walikomweka ili asikumbukwe. Nyasi zimenifika kifuani. Nilifyeka kwanza. Nikavua viatu. Nikafungua.

Wimbo wenyewe ni mfupi, sasa nakupa, ni wako: "Ogwang, toka nje, tumekuja. Toka nje, jua bado lipo. Aliyekunyamazia amerudi na sauti. Ogwang, toka nje." Unarudiwa mpaka watu waitike. Sikuwa na watu, na sauti yangu mwenyewe siisikii siku hizi, unajua. Niliweka kiganja kooni ili nihakikishe inatoka. Ilikuwa inatoka. Nikacheza na mifupa hii hii.

Nilipogeuka nilikuta wanawake watano wamesimama kwenye mtama na majembe yao, wameacha palizi. Sijui walikuwa pale tangu lini. Mmoja alikuwa anaitikia, niliona mdomo wake. Kisha wote.

Ndipo Ojera akaja anakimbia, mzee yule, hata viatu kavaa kinyume. Alinigombeza sana. Mikono ilikuwa inaruka, mate yanaruka, nami sikusikia hata neno moja, rehema za Mungu ni nyingi. Niliendelea kuimba. Alipoona haisaidii akanisogelea, akanishika mabega, akasema polepole sana ili nisome midomo yake. Alisema kwa nilichokifanya nimejitoa mwenyewe kwenye ukoo, na siku nikifa sitalazwa ndani ya boma pamoja na wazee.

Nikamwambia ni sawa. Nikamwonyesha kwa mguu mahali penyewe, hapo nilipokuwa nimefyeka, ubavuni kwa ndugu yangu, na nikamwambia siku ikifika asithubutu kunichimbia pengine.

Shangazi yako,
Aciro